Dada Aliyekula Peke Yake

Jumapili tulimzika huko Katindiuka dada mmoja aliyekuwa karani wa mizani kwenye mashine ninakokoboa mpunga wangu. Aliugua kwa muda mfupi, akaondoka. Kifo chake kimeniuma, ila hotuba za msibani zilinitia shaka. Kila aliyesimama alidai kuwa rafiki yake wa karibu, na aliyelia kuliko wote ni mpakiaji mmoja wa magunia. Mnanijua, wasomaji wangu: machozi yenye kelele siyaamini haraka.

Pale mashineni mchana huletwa sinia moja la wali, watu wakanawa, wakalizunguka na kupiga soga. Marehemu asubuhi aliwaamkia wote, shikamoo kwa wakubwa na utani kidogo kwa wadogo, lakini ikifika saa ya chakula alichukua bakuli lake akaenda kukaa nyuma, upande wa pumba. Kwetu anayekula peke yake ana lake jambo. Basi soga za kwenye sinia zilipoanza kumfikia bosi, wenzake hawakuhangaika kutafuta mchongezi, wakamshuku yeye. Siku moja nilikuwa pale nasubiri mpunga wangu. Yule mpakiaji alimwambia mbele yetu, "Dada, ama unakula na sisi, ama hatuweki gunia kwenye mizani yako." Maana yake kazi hana. Akajibu taratibu, "Kaka, siwakatai. Kutwa nzima naongea na wakulima, kichwa kinajaa. Nikikaa kimya kidogo, jioni simfokei mtu. Jumamosi nitakula nanyi, siku nyingine naomba mniache."

"Una siri gani?"

"Sina siri. Nachoka tu."

Wakakubali shingo upande. Kila Jumamosi alikuja, akala, akacheka nao. Hata hivyo, mpaka anaugua, akipita walishusha sauti.

Juzi nimerudi pale. Bosi amemwita kijana mmoja kumuuliza habari ya maneno aliyoyasema kwenye sinia, wiki hii, karani akiwa tayari kaburini. Simtaji mtu, ila kikulacho ki nguoni mwako. Sasa wanakula bila soga, kila mmoja akimtazama mwenzake. Inanikera kwamba dada yule hakuwahi kuombwa radhi. Mwenzako wa kazi akikuomba nafasi ya kunyamaza, mpe. Yule anayekuchokonoa useme kila siku ndiye wa kumuuliza maneno yako anayapeleka wapi.