Siti Niliyomshikia Binti Yangu Iliondoka na Mimi

Nimewahi kusafiri safari isiyo yangu, nimekaa siti isiyo yangu, nimepakata mkasi usio wangu.

Na wa kulaumiwa si konda. Ni mimi mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu wenye roho ya wasiwasi. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo mkikuta nimekosea herufi, irukeni mwendelee.

Ilikuwa kipindi kile mafuta yamekauka nchi nzima. Magari ya watu yamefunikwa maturubai uani, kuku wanataga chini yake. Wenye magari na sisi tusio nayo tukakutana kituo kimoja. Mabasi yaliyobaki yalikuwa machache, na yalikuja yalipotaka yenyewe.

Pale kituoni kwetu watu wakabuni foleni ya vitu. Unakuja alfajiri, unaweka chako, unarudi nyumbani kunywa chai. Ndoo, kandambili, kiti kilichovunjika mguu. Kitu chako kikiwa pale ni kama wewe mwenyewe umesimama. Hakuna wa kukisogeza nyuma.

Mimi nilipeleka kikaango kilichokatika mpini.

Lakini hakikuwa cha safari yangu. Kilikuwa cha binti yangu.

Binti huyu tunamwita Kimya. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekwambia samahani. Sasa mtoto wa hivyo atagombania basi na watu wenye shida zao?

Siku hiyo alikuwa na jaribio kwenye karakana ya kushona sare za shule, upande wa pili wa mji. Ukifaulu, unaajiriwa. Kila mtu aende na mkasi wake, na geti likishafungwa ndiyo imetoka hiyo. Alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu mpaka mimi nikaanza kukonda kwa niaba yake.

Tukafika kituoni mapema. Kikaango changu kiko mbele kabisa, kinang'aa. Nikamgeuza mwanangu nimkague.

"Kola imekunjamana."

"Mama, inatosha."

"Inatosha nini? Unaenda kwa mafundi wa nguo na kola kama sikio la mbuzi? Rudi ukapige pasi. Begi niachie, nakushikia nafasi."

"Mama, mimi nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Utasema ukirudi. Kimbia!"

Akaenda. Begi likabaki kwangu. Mkasi ndani, simu yake ndani.

Hajamaliza hata kupotea machoni, basi hilo hapo.

Mimi huyo! Nikapanda, nikachagua siti ya dirishani, nikajibwaga ili asikae mtu mwingine.

Watu walichukua muda kupakia mizigo yao; basi lilipojaa, konda akanijia. "Mama, unashukia wapi?"

"Sishukii popote, mwanangu. Hii siti namshikia binti yangu. Amekwenda kupiga pasi kola."

Basi zima likacheka.

Dereva hata hakugeuka. "Mama, dizeli hii si ya kusubiria kola."

Akaondoa gari.

"Nishusheni! Jamani, nishusheni!"

"Tulia, mama," konda akasema. "Hili likisimama haliwaki mpaka lisukumwe. Uko tayari kusukuma peke yako?"

Nikageukia dirishani. Nikamwona mwanangu anatokeza kwenye kona ya duka, kola imenyooka kama karatasi. Akatazama kikaango. Akatazama basi. Akaniona.

Nikadhani atakimbia, atapiga kelele. Wapi! Alisimama tu akanipungia mkono, kama vile mimi ndiye naenda kwenye jaribio.

Machozi yakanitoka. Jirani yangu, baba mmoja aliyepakata gunia la mkaa, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote.

"Sasa unalia nini?" akasema. "Mkasi unao, siti unayo. Kashone wewe."

"Mimi sijui kushona!"

"Safari ni ndefu, utajifunza."

Konda naye akadakia, "Mama mkwe, usilie. Binti anayehangaikiwa kola namna hiyo nitamrudia mimi mwenyewe."

"Koma! Mama mkwe wako nani? Kwanza shati lako halina vifungo."

Wakacheka tena. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu geti linafungwa, mwanangu anarudi kukaa nyumbani, na sababu ni mimi.

Tukiwa njiani dereva akasikia kuna kituo cha mafuta kimeletewa dizeli. Akakata kona. Basi likaingia kwenye foleni ya mafuta, na sisi tumo ndani.

Yaani kikaango kilinipangia foleni ya basi, basi nalo likanipangia foleni ya mafuta.

Alipozima injini nikaruka chini. Nikaweka begi kichwani nikatembea nikiuliza njia. Nilijua mwanangu hawezi kuwa amefika. Nilichotaka ni kuwapigia magoti tu, wamfanyie hata kesho.

Nilipofika karakana, geti limefungwa. Nikaligonga kwa viganja vyote viwili. Akatoka mlinzi, mzee wa makamo, ameshika kikombe.

"Mzee wangu, nakuomba. Binti yangu hajafika, na kosa ni langu. Mumshikie nafasi."

"Binti gani?"

"Mrefu, blauzi nyeupe. Mpole sana, haongei."

Akakuna kidevu. "Wa blauzi nyeupe yumo mmoja. Lakini huyo anaongea kama redio."

"Basi si wangu."

"Alikuja kwa miguu, anahema. Hana mkasi. Nataka kufunga geti, akaweka mguu wake katikati. Akasema niitie msimamizi. Msimamizi alipokuja, binti akamwambia, 'Mkasi wangu umepanda basi na mama yangu. Niazimeni wowote, hata butu, mtauona mkono wangu.'"

Nikakaa chini palepale.

Mzee akanitazama, akatazama begi, akaanza kutabasamu.

"Alisema utakuja. Akasema, atakuja mama mmoja na begi, atakuwa analia. Mpe maji, mpe kiti. Ila usimwache aingie, atakuja kunikagua."

Nikanywa maji yangu kwa adabu.

Binti yangu alipotoka, blauzi ilikuwa imelowa jasho na kola imekunjamana kuliko asubuhi. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kwenda kuirekebisha. Nikaushusha.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua, Mama. Naanza wiki ijayo."

Nikamkumbatia mpaka mlinzi akageukia ukutani. Halafu nikakumbuka.

"Asubuhi ulikuwa unataka kusema nini?"

"Kwamba sihitaji basi. Basi linazunguka mji mzima. Kuna njia ya mkato pembeni ya reli, juzi niliipita kuijaribu. Pale kituoni nilikusindikiza tu, maana ulishaweka kikaango."

Kwa mara ya kwanza, Kimya nikawa mimi.

Tukarudi kwa miguu. Njia ile ya mkato inakatiza barabara kubwa karibu na kile kituo cha mafuta, na basi letu lilikuwa bado lipo palepale kwenye foleni. Konda akatoa kichwa dirishani.

"Mama mkwe! Siti yako ipo, nimekushikia!"

Nikafungua mdomo nimjibu. Binti yangu akaniwahi.

"Ikalie wewe, kaka! Sisi tunawahi nyumbani."

Wazazi wenzangu, nawaonya kwa mapenzi. Wakati wa shida ya mafuta, usipande basi kumshikia mtu siti, utakwenda nayo. Na kabla hujampigania mwanao nafasi, mwache amalize sentensi yake. Huenda ana njia yake na anakusindikiza tu ili usijisikie vibaya.

Kikaango changu sijakifuata. Nasikia kila asubuhi watu wanakisogeza mbele kwa heshima, wakijua mwenyewe anakuja.