Viazi Vilivyoruka Hadi Kwa Enesi

Ndugu zangu, viazi vyangu viliingia shambani kwa jirani bila mtu kuvibeba.

Hapa Ibaba viazi tunalima wote. Ila vile vyekundu, vya macho ya ndani, ninavyo mimi peke yangu. Mbegu yake nilitoka nayo kwetu nilipoolewa.

Sasa vikaonekana juu ya udongo, katikati ya maharage ya jirani yangu Enesi, mama yake Osward. Hakuna hata unyayo.

Huku kwetu mazao yakihama hivyo, watu hawaulizi mara mbili. Watasema kuna anayevuta mavuno ya mwenzake kwa uchawi. Na huyo huwa ni bibi kizee.

Zabron, mwenye duka, akanichokoza mbele za watu: "Bibi, siku hizi viazi vyako vinatembea? Au vimepanda bodaboda?"

Wakacheka. Mimi nikashika njia ya nyumbani. Kikongwe mmoja wa kijiji cha juu alibomolewa nyumba kwa maneno hayohayo.

Nani kayaeneza?

Nikamshuku Enesi. Shamba ni lake. Tena mchana nilikuwa namwona anainama kwenye maharage, anaficha kitu kwenye khanga, anatazama nyuma.

Nikasema, huyu ananitegea.

Siku moja nikajifanya nakwenda mtoni. Nikazunguka uzio wa matete, nikamtokea.

"Mama Osward, unafanya nini?"

Akashtuka. Khanga ikafunguka, viazi vyangu vikamwagika.

"Nakufichia, Mama Yesaya," akanong'ona. "Kimoja Zabron alikiona kabla yangu. Hivi vingine naviwahi, watu wasije wakakumaliza."

"Kwa hiyo unaamini mimi mchawi?"

Akainama kuviokota.

"Sijui. Ila uchungu wa Osward uliponishika njiani na mvua, ni wewe uliyenitoa matopeni ukanifikisha zahanati. Uwe mchawi, usiwe mchawi, sitaki wakuguse."

Sijafungua mdomo, puu!

Kitu kikapita juu ya vichwa vyetu. Kiazi. Kikatua kwenye maharage.

"Yesu wangu!" Enesi akanikamata mkono. Lakini hakunikimbia.

Tukaufuata mlio hadi nyuma ya ghala langu. Pale tukamkuta mjukuu wangu Gwantwa, yuko kidato cha tatu, kapiga goti kando ya mabomba ya plastiki yaliyounganishwa kwa gundi. Mkononi ana pampu ya baiskeli.

"Gwantwa, hiki nini?"

"Mtambo wa kurusha kwa hewa, Bibi. Projekti ya fizikia. Unajaza upepo, unafungua koki, kiazi kinachomoka. Samahani, nilijificha kwa sababu natumia mbegu yako."

Kisha akakunja uso.

"Ila Bibi, huku kuna mwizi! Natakiwa kupima kiazi kimefika wapi. Nikienda kukitafuta, hola! Kimesepa."

Mimi na Enesi tukatazamana. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Jumapili baada ya ibada, mchungaji alituruhusu kutumia uwanja wa kanisa. Gwantwa akawasogeza watu wote nyuma, akajaza upepo, akaeleza kila kitu. Nikamwomba Enesi afungue koki.

Puu!

Zabron alikuwa wa kwanza kukimbilia nyuma ya mlango wa kanisa. Akina mama wakamzomea hadi akatoka.

Miaka yote nilidhani rafiki ni yule asiyekuwazia vibaya. Enesi aliniwazia, tena vibaya sana, na bado akanisitiri kwa khanga yake.

Ukiwa na jirani wa hivyo, usimvizie nyuma ya uzio. Piga hodi, umuulize.