Bukuru Walikuwa Wawili

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse nyuma ya mashine. Ilikuwa Buyenzi, kwenye sekretaria ya Haji, yaani duka la kuwapigia watu barua, kutoa fotokopi na kujaza fomu. Vikwazo vya nchi jirani kwa Warundi vilikuwa bado, petroli inauzwa kwa chupa, na mimi nilikuwa nimemaliza lise, shule ya sekondari, bila mahali pa kwenda. Haji alikuwa wa ukoo wa Waomani, mzaliwa wa mtaa uleule, fundi wa redio kabla kompyuta hazijaja. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"We binti, unajua kupiga mashine?"

"Kidogo, Haji."

"Kidogo ya wapi?"

"Ya lise."

"Bon. Mbele ya mashine ni yako, nyuma ni yangu. Ukigusa nyuma, unaenda kwenu."

Watu wananiambia kumbukumbu za kazi ni za wazee. Mimi nina miaka ishirini na minane, na mtoto wangu amelala mapajani wakati naandika. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha, na wasichana wa lise wananiuliza ilikuwaje, basi nawaeleza. Anayetaka mwandishi mwenye mvi amtafute kwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja anakuja na barua aliyoiandika kwa mkono, unaipiga, unaihifadhi kwenye disketi, kile kisahani chembamba ndani ya plastiki kilichobeba vitu kidogo sana. Disketi zilikuwa adimu, kwa hiyo moja ilifutwa na kutumiwa tena mpaka ikakataa kusomeka. Chini ya meza kulikuwa na ondileri, sanduku zito lenye betri. Umeme ukikatika linalia, na una dakika chache za kuokoa barua ya mtu kabla skrini haijazima. Tulizoea kuhifadhi kila baada ya sentensi mbili. Mpaka leo nikiandika orodha ya sokoni kidole kinatafuta pa kubonyeza.

Mashine zikiharibika, Haji alizifungua mwenyewe. Akimaliza kufunga, mara nyingi ilibaki skrubu moja au mbili mezani. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Mbona hautupi, Haji?"

"Sijui kazi yake. Kitu hujui kazi yake hautupi, unaweka mu kopo. Kuna siku kitaulizwa."

Nilicheka, nikiwa msichana anayejiona ana akili.

Siku moja mwanafunzi aliyerudi kutoka Ulaya alikuja kutoa fotokopi ya diploma akasahau gazeti la Kifaransa la mambo ya kompyuta. Ndani yake kulikuwa na sidii yenye mfumo unaoitwa Linux. Tulimngoja miezi miwili, hakurudi. Programu tulizozijua ziliuzwa zimefungwa kama redio iliyogongelewa misumari. Hizi zilikuja wazi. Maneno yote aliyoyaandika mtengenezaji unayaona, unaruhusiwa kuyabadilisha, unaruhusiwa kumgawia jirani. Ndiyo maana zinaitwa programu huria. Leseni, yaani karatasi ya masharti, ilikuwa ndefu, lakini mimi nilishika sharti moja: jina la aliyeandika kabla yako usilifute.

Kulikuwa na kompyuta iliyokufa ambayo Haji aliitumia kuzuia mlango usijifunge. Alipokuwa msikitini kwa adhuhuri, mimi niliifungua nyuma. Ilinichukua adhuhuri nyingi. Nilijifunza kuandika skripti, yaani amri zilizopangwa kwenye faili moja, moja chini ya nyingine, mashine izifuate yenyewe. Ya kwanza ilihesabu maneno kwenye barua za wateja. Haikuwa na faida kwa yeyote. Niliifurahia kama mtu aliyepata meno.

Haji alirudi mapema siku moja akanikuta.

"Nani alikuambia ufungue hiyo?"

"Ilikuwa imekufa, Haji."

"Na sasa?"

"Sasa inaishi."

Alisimama akatazama skrini nyeusi yenye herufi nyeupe.

"Haina hata picha moja."

"Apana."

"Basi ni ya watu serieux. Endelea. Lakini mulango utafute jiwe."

Nilikaa kwa Haji miaka minne. Kisha nikaolewa, na kaka ya mume wangu akanipatia nafasi kwenye ofisi moja mjini ambayo sitaitaja. Ofisi hiyo ilikusanya majina ya watoto waliopotezana na wazazi wakati watu wanakimbia vita mitaani na milimani. Kila kambi ilileta majina kwa disketi, sisi tukayaunganisha kuwa orodha moja, orodha ikabandikwa ukutani kwenye ofisi za zoni, yaani za serikali mitaani, ili wazazi waje kusoma. Mkuu wetu tulimwita Shefu. Mtu mwenye tai fupi na sauti ndefu. Mimi aliniita Mamzeli, kama msichana asiyeolewa, hata tumbo lilipoanza kuonekana.

Tatizo la orodha lilikuwa kurudia. Mtoto mmoja anahamishwa kambi tatu, kila kambi inamwandika, kwenye orodha anakuwa watoto watatu. Shefu aliniita.

"Mamzeli, wafadhili wanasema tuko na watoto wengi kuliko vita yenyewe. Doublon, doublon, doublon. Unitolee hizo."

Watu watatu walikuwa wakizitafuta kwa kalamu nyekundu, siku tatu kila wiki. Mimi niliandika skripti ya mistari arobaini. Ilipanga majina kwa alfabeti, kisha ikalinganisha. Jina sawa, jinsia sawa, umri sawa, mtaa sawa, basi ni mtoto mmoja, mstari wa pili unatoka. Juu kabisa niliandika jina langu, kama leseni zilivyonifundisha. Chini kabisa niliweka mistari minne ya kuhifadhi kila jina lililotolewa kwenye faili la pembeni. Faili hilo nililiita kopo. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Shefu aliwaonyesha wageni. Alisema "programu yetu". Baadaye alileta konsiltan, mtaalamu wa kukodiwa, shemeji yake, aiboreshe. Konsiltan alifuta mstari wa juu wenye jina langu na ile minne ya chini, kwa sababu kopo lilikuwa linajaza diski. Maboresho yake yalikuwa hayo. Niligundua wiki kadhaa baadaye, nikaenda kuuliza.

"Mamzeli," Shefu alisema, "hapa ni ofisi. Si ukuta wa lise pa kuandika majina."

Nilirudi kwenye kiti changu. Nyumbani nilikuwa na disketi yenye skripti yangu ya mwanzo na kopo la mara ya kwanza. Niliiweka tu, kama mtu anavyoweka picha ya harusi.

Halafu akaja mama mmoja wa mtaa wa Kinama. Aliitwa Mama Butoyi, na Butoyi mwenyewe alikuwa mgongoni, msichana wa miaka minne, mkubwa mno kubebwa. Pacha mwenzake, Bukuru, alipotea siku mtaa ulipokimbia. Mama huyo alisoma orodha ukutani, akaona Bukuru, msichana, miaka minne, Kinama, yuko kambi ya upande wa Ruziba. Akaenda kwa miguu kutoka kaskazini ya mji mpaka kusini. Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ya Shefu, na mimi nikiwa meza ya pembeni.

"Walinipa mutoto," alisema. "Si wangu."

"Mama, liste iko na Bukuru mumoja tu wa Kinama wa miaka mine. Umemuona. Kama si yeye, wako hayuko."

"Shefu, Kinama yote ni mi peke yangu nilizaa mapacha?"

Shefu alisema amwachie nafasi anayefuata. Mimi niliacha kupiga mashine.

Kwa Warundi pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, nyumba yoyote, mlima wowote. Mtoto wa miaka minne hajui jina la baba yake. Ukimuuliza anaitwa nani atasema Bukuru, na karani wa kambi ataandika Bukuru. Na mimi sikuwa mgeni. Kwetu Buyenzi mapacha wa kiume ni Hasani na Huseni. Ita Hasani uani kwa msikiti uone watakaogeuka. Nilijua hilo tangu nikiwa na miaka minne mwenyewe. Nilipoandika skripti sikulikumbuka, kwa sababu nilikuwa natazama mistari, si watoto. Kosa hilo ni langu na sitafuti wa kunisaidia kulibeba.

Nilimfuata mama nje. Nilimwambia arudi kesho.

Jioni nilifungua kopo la disketi yangu kwenye mashine ya Haji. Alikuwemo. Bukuru, msichana, miaka minne, Kinama, kambi ya Gasenyi. Hakuwa peke yake. Bukuru na Butoyi walikuwa wengi humo, pamoja na majina mengine mafupi ya watoto wadogo, kila mmoja ametupwa kwa amri yangu. Asubuhi nilimpa Mama Butoyi karatasi ya Gasenyi, kisha nikaingia kwa Shefu na disketi.

"Turudishe hawa kwenye orodha leo," nilisema.

"Orodha imeshatumwa. Chiffre ya watoto imeshatumwa. Nikirudisha hawa nitasema nini?"

"Utasema tulikosea."

"Tulikosea nani?"

"Mimi niliyeandika. Na wewe uliyetoa kopo. Disketi za kambi zimefutwa, hatuna pengine pa kuwatafuta. Waliofutwa baada ya hapo hawako popote."

"Sauti, Mamzeli."

"Sauti yangu iko sawa."

Ripoti iliyotoka ilisema kulitokea kosa dogo la mfanyakazi, na jina langu lilikuwa hapo, limeandikwa vizuri, na jina la baba. Hivyo ndivyo lilivyorudi.

Nilipeleka kopo kwa Haji. Printa yake ya sindano, ile inayopiga kelele kama cherehani, ilitoa majina yote kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Haji alishika mwisho wa karatasi isiburute chini. Alisoma mpaka katikati.

"Nilikuambia itaulizwa," alisema. Kisha akaenda kutafuta gundi.

Tulibandika pale magari ya Kinama yanapopakia watu, na kwenye ukuta wa soko. Shefu aliniita siku ya pili. Hakupiga kelele. Aliniambia na tumbo hilo ni vizuri nipumzike, na kwamba ufunguo wa kabati niuache kwa sekretari. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka ishirini na sita na mimba ya miezi saba. Hakukuwa na fanta wala hotuba.

Mama Butoyi alikuja Buyenzi baada ya siku kumi, anauliza nyumba kwa nyumba. Butoyi alikuwa mgongoni kama kawaida. Pembeni alitembea mwingine mwenye uso uleule, amenyolewa nywele, hataki kushikwa mkono.

"Mi hakunijua," mama alisema. "Alimujua huyu. Alipomuona aliangalia, aliangalia, akaanza kucheka."

Nilimpa kiti. Nilitaka kumwambia kwamba aliyemfuta mtoto wake ni mimi. Nikamwambia. Akamhamisha Butoyi upande mwingine wa mgongo.

"Na wa wengine?" aliuliza.

Wale wa wiki ambazo skripti ilitembea bila kopo hawako kwenye karatasi yoyote. Sijui ni wangapi. Shefu hajui, konsiltan hajui, na wote wawili wangali ofisini. Watu hudhani hasira yangu ni ya kazi niliyonyang'anywa. Kazi nilikuwa nayo nyingine, ilizaliwa miezi miwili baadaye na inanyonya.

Vita vimepoa sasa. Skripti niliirekebisha na mtoto mgongoni, nikaiweka kwenye mtandao kupitia siberi kafe ya mjini, wazi, kila mtu aichukue. Haifuti tena mtu. Inaweka majina yanayofanana pamoja na kumuuliza binadamu. Mstari wa kwanza ni jina langu. Wa pili ni maneno matupu ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma: Bukuru walikuwa wawili.

Mwaka huu aliniandikia mtu nisiyemjua, wa nchi ya mbali, kwa Kifaransa cha adabu. Anaitumia kwenye hospitali, inamsaidia. Alikuwa akiisafisha, akaona mstari wa pili haufanyi kazi yoyote. Akauliza kama anaweza kuufuta.

Nikamjibu kwamba akitaka kufuta, afute jina langu. Huo auache.