Mfarishi wa Zari Uliopelekwa Sur

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunakaa Ibra, Oman, mimi, mama yangu na mdogo wangu wa kike. Mume wangu alikuwa kazini Maskati, akija nyumbani Alkhamisi na kuondoka Ijumaa jioni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu tutoke Unguja, lakini kwa majirani tulikuwa bado Zinjibari, watu waliokuja na lugha yao. Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikwisha kuposwa mara mbili, na mara mbili watu wakarudi nyuma bila ya kueleza sababu. Basi ilipokuja posa ya tatu, ya familia ya Sur, na wenyewe wakaja, wakala, wakarudi tena, nyumbani kwetu hata kucheka tulikuwa tukicheka kwa uangalifu.

Mama wa bwana harusi alikuja siku moja kuzungumzia chumba cha maharusi. Alikuwa amekaa Unguja ujanani mwake na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu.

"Chumba kimeshapakwa rangi," akasema. "Kitanda kipo, kabati lipo. Nyinyi mtatia nini?"

Mama akaanza kukusanya vikombe vya kahawa. Mimi sikuweza kumngoja.

"Mfarishi wa zari," nikasema. "Kama wa kwetu Unguja."

"Utashonwa zari wote?"

"Wote. Juu mpaka chini."

"Na nani atashona?"

"Mimi."

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayetia jambo akilini ili asilisahau. Alipoondoka, Mama akaniuliza, "Wewe umewahi kushona zari?" Nikamwambia nimeshona magauni, mapazia, foronya, nguo za watoto wa mtaa mzima. "Sikukuuliza hayo," akasema.

Mama mwenyewe aliwahi kushona zari, lakini kwa mkono, na wakati ule macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mimi nilikuwa na cherahani ya umeme aliyonunua mume wangu. Kitambaa kilikuwa atlasi ya rangi ya komamanga, mjomba alikileta kutoka Dubai, na dukani Ibra hakikuwako cha kufanana nacho. Nikakata, nikatandika bafta nyeupe chini, pamba katikati, atlasi juu, nikapiga bandi ili visihame. Mistari niliyoichora ilikuwa ya kukatana, ifanye vipande kama visheti. Harusi ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili.

Nilitia uzi wa zari, uzi mweupe uliozungushiwa dhahabu, katika sindano, nikakanyaga. Haikufika vidole vinne, uzi ukakatika. Nikatia tena, ukakatika. Nilipoinama kutazama niliona kwamba ile dhahabu ilikuwa inachunika kwenye tundu la sindano, inajikusanya kama kishungi cha nywele, na kinachopita kwenye kitambaa ni uzi mweupe wa ndani, mtupu. Nikafumua. Na hapo ndipo nilipoona jambo lililonitia baridi: atlasi haisahau. Kila pale sindano ilipopita palibaki kitundu, na kitundu hakikujifunga hata nilipokisugua kwa ukucha.

Siku ya pili nilibadilisha sindano, nikatia nene yenye tundu kubwa. Uzi ulikwenda mbali kidogo, shubiri moja labda, kisha ukakatika. Nikalegeza skrubu ya juu inayokaza uzi. Sasa haukukatika, lakini nilipogeuza kitambaa nilikuta chini vitanzi vimerundikana kama tambi. Nikakaza kidogo. Ukakatika. Nikasema labda ni kule unakotoka, maana kibunda cha uzi kilikuwa kimesimama juu ya cherahani na uzi ulikuwa ukitoka umejisokota. Nikakiweka ndani ya gilasi sakafuni, nyuma ya kiti, ili uzi upande polepole. Hilo lilisaidia. Nikashona mstari mmoja mzima, kutoka ukingo mpaka ukingo, na mdogo wangu akaja mlangoni akapiga kigelegele. Mstari wa pili ukakatika mara sita.

Mama akasema, "Upake nta. Sisi tulikuwa tukiupaka nta." Nikaupaka. Nta ikajaa kwenye visahani vya cherahani vinavyobana uzi na ikanichukua asubuhi nzima kuitoa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nilimpelekea fundi wa Kihindi sokoni kipande cha kujaribia. Akautazama uzi, akaukunja kidoleni, akacheka bila ubaya. "Hii ya mkono, mama. Mashine hapana." Akanirudishia.

Siku ya sita nilikuwa na mistari mitatu na matundu ya mistari mingi. Nilikuwa silali vizuri. Mdogo wangu alikuwa ameacha kuja mlangoni. Nilijua kwa nini: hakutaka kuuliza. Alikuwa akipita uani na ndoo, akitazama chini, na mimi nikijifanya sikumwona. Nilifikiri ile familia ya Sur ikirudi nyuma itakuwa ni ulimi wangu uliowarudisha. Si maneno ya watu, si lugha yetu. Mimi.

Asubuhi ya siku ya saba nilichomeka pasi. Niliitandaza ile atlasi kitandani, pasi ikapata moto, nikaishika juu yake. Nilikuwa nimeshayatunga maneno nitakayosema: nilikuwa nanyoosha, nikaitwa, nikasahau, kitambaa kikaungua. Ajali haina aibu. Watu wa Sur wangesema pole. Mkono ulikuwa unateremka, sikuongopei. Joto lilikuwa limeshaanza kukigusa.

"Nasikia harufu ya pasi," Mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Nanyoosha tu, Mama."

"Nyoosha ukishamaliza kushona. Iweke chini."

Nikaiweka. Akaja akakaa kitandani, akapitisha vidole juu ya atlasi, upande ule niliouharibu. Alikwenda polepole, kutoka ukingoni. Kwa macho asingeyaona yale matundu, lakini vidole vyake viliyahisi moja moja.

"Hapa umefumua mara ngapi?"

"Sijui."

"Mistari kumi na moja," akasema. "Mwanangu, mbona hukuniita?"

Nikalia. Nililia kama mtoto, na yeye hakuninyamazisha. Kisha akajitanda kanga, akatoka akipapasa ukuta wa uani, na mimi nikadhani amekwenda kuomba dua. Kumbe alikwenda nyumba ya pili.

Alirudi na jirani yetu, bibi wa hapo hapo Ibra, aliyekuwa akishona zari za miguu ya suruali za kike na kuziuza soko la wanawake Jumatano. Kiswahili hajui hata neno, na Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi. Lakini uzi aliujua. Alipoona sindano ya cherahani imetiwa zari alishtuka, kama mtu aliyeona mtoto amevikwa kiatu kisicho chake. Akaketi sakafuni, akachukua kipande cha kujaribia, akatoa sindano yake na uzi wa kawaida. Zari akailaza juu ya kitambaa, wala hakuitia tunduni kabisa. Kisha akaibana kwa ule uzi wa kawaida, huku na huku, mishono midogo isiyoonekana.

"Dhahabu hailazimishwi kupita," akasema, na Mama akanifasiria. "Inalala tu. Mwengine ndiye anayefanya kazi."

Nilimwambia Mama amwambie kwamba kwa mkono sitamaliza hata kwa miezi mitatu. Bibi akainua mabega, akasema hilo analijua Mungu, akanywa kahawa yake akaenda zake.

Nilibaki nakitazama kile kipande. Zari imelala, uzi mwengine unafanya kazi. Nikaitazama cherahani. Ndani ya cherahani kuna nyuzi mbili: wa juu unaopita tunduni mwa sindano na kusuguliwa kila mshono, na wa chini, ule wa kwenye bobini, ambao hauingii tunduni wala hauchubuliwi, unalala tu chini ya kitambaa na kushikwa na mwenzake.

Niliizungusha zari kwenye bobini kwa mkono, taratibu, isijisokote. Nikalegeza kidogo skrubu ndogo ya kikombe cha chuma kinachoishika. Juu nikatia uzi wa pamba mwekundu. Kisha nikaugeuza mfarishi kifudifudi, atlasi chini, bafta juu. Nikaichora mistari upya kwa penseli juu ya bafta. Sikuthubutu kukanyaga. Nilizungusha gurudumu kwa kiganja, mshono mmoja mmoja, bila kuona kinachotokea upande wa chini. Nilikwenda urefu wa mkono. Nikasimama, nikafumba macho, nikageuza.

Zari ilikuwa imelala, nzima, inang'aa.

Sikupiga kelele. Niliogopa. Nilishona siku tatu nikiwa hivyo hivyo, roho mkononi, kwa sababu bobini ilikuwa ikimeza zari kidogo na kuisha upesi, na kila inapoisha ilinibidi nizivute ncha upande wa bafta na kuzifunga. Kile kipande cha mfarishi chenye matundu hakikuwa na dawa. Nilikikata. Mfarishi ukapungua zaidi ya shubiri moja, na nikajua kwamba utafika kitandani ukiwa mfupi.

Tulikwenda Sur kwa gari ya mjomba, kupitia Bidiya, mfarishi umefungwa ndani ya shuka mapajani mwangu. Mama wa bwana harusi aliupokea mwenyewe. Aliutandika, akaona miguuni godoro linachungulia. Akafungua kabati, akatoa shali jekundu, akalikunja hapo miguuni kana kwamba ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Kisha akafunua pembe, akatazama chini, akaona mistari ya penseli.

"Umeshonea nyuma," akasema.

"Ndiyo."

"Umeshona huoni?"

"Sikuwa naona."

Aliirudisha ile pembe, na ndipo nilipoona ncha ya zari imechomoza. Palikuwa pahala nilipochoka nisifunge. Wanawake walikuwa wameshaanza kuingia kutazama chumba, na kila mmoja alitaka kugusa. Nikakaa juu ya ile pembe. Nilikaa hapo toka alasiri mpaka magharibi, mkono wangu umeifunika ile ncha, nikiitikia salamu, nikikataa kahawa na halua kwa kuogopa kunyanyua mkono. Mwanamke mmoja aliniuliza kama naumwa. Wa mwisho alipotoka niliomba sindano, nikaifunga.

Mdogo wangu aliniambia baadaye, "Ulikuwa umekaa kama kuku anayeatamia." Lakini alisema huku ameushika mkono wangu, na hakuuachia upesi.

Mfarishi haukudumu. Hewa ya bahari pale Sur iliila zari, na haikupita miaka mitano dhahabu yote ikawa nyeusi. Mdogo wangu aliuondoa kitandani, akawa anawatandikia watoto sakafuni wakati wa joto, wakamwaga uji juu yake, wakauburura uani. Nilipokwenda kumtazama alinionyesha kwa haya kidogo. Nikamwambia awaache walale. Alikuwa na mimba ya nne, na mama mkwe wake alikuwa jikoni anampikia ugali.