Slaidi Isiyo na Neno

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Mzee Chaki, na mwenyewe alijua wala hakukasirika. Kwa miaka thelathini na mmoja koti lake lilikuwa jeupe mabegani. Shule ilipopata projekta, mimi wa hesabu, niliyekaa naye meza moja, ndiye niliyemfundisha kutengeneza slaidi. Nilijuta. Ubaoni alikuwa bahili wa maneno kwa sababu bega lilimuuma. Kwenye kompyuta hakuumwa kitu, basi akamwaga sarufi yote aliyokuwa nayo. Slaidi zake zilijaa hata mbu asingepata pa kutua.

Na wanafunzi wetu wana desturi moja: kinachoonekana mbele kinanakiliwa, hata tarehe, hata jina la shule. Wiki tatu darasa zima liliinamisha vichwa, kalamu zikikwaruza. Akiuliza swali, walimwomba asibadilishe slaidi kwanza. Wale wale waliokuwa wakibishana naye kwa Kiingereza kibovu chenye uhai wakanyamaza kama maji ya mtungini.

Mkuu wa shule alipita dirishani mara mbili, akaona. Akamwita Mzee na kumweleza kwamba Ijumaa mkaguzi anakuja; asiposikia wanafunzi wakizungumza, darasa lake atapewa mwalimu mwingine, na yeye atakwenda kutunza vitabu maktaba. Mzee alirudi mezani akakaa bila kufungua daftari. Roho iliniuma, maana janga lile nilimtwisha mimi.

"Futa maneno yote, Mwalimu," nilimwambia. "Weka picha peke yake. Wakikosa cha kunakili, watafungua midomo."

"Picha ya nini, mwanangu?"

"Yoyote. Hata ya nyumbani kwako."

Ijumaa niliketi nyuma, karibu na mkaguzi. Slaidi ilikuwa moja tu: meza ya jikoni aliyoipiga picha kwa simu asubuhi ile, birika, na vikombe viwili vya chai. Wanafunzi wakashika kalamu, wakatafuta pa kuanzia, wakakosa. Mzee akawaambia kwa Kiingereza kwamba leo wao ndio watakaouliza. Wakatazamana tu. Mkaguzi akaandika kitu, nikamlaani kimoyomoyo.

Kisha msichana wa dawati la mbele, ambaye sauti yake hatukuwa tukiijua, akauliza kwa Kiingereza cha kujikongoja kikombe cha pili ni cha nani.

Mzee akavua miwani. Akajibu kwa Kiingereza, polepole, kama anavyotaka wao wajibu, kwamba ni cha mke wake. Kwamba alifariki mwaka jana. Kwamba bado anammiminia.

Nikajua basi, mambo yameharibika. Lakini mikono ikaanza kuinuka. Alipenda sukari? Nani kati yenu alikuwa anapika? Ukimmiminia unamwambia nini? Akajibu yote, mara anacheka, mara anafuta macho kwa mkono wa koti. Kengele ililia na hakuna aliyesimama, na mkaguzi alikuwa ameshaweka kalamu mfukoni.

Darasa lake hakunyang'anywa. Mchana, kwenye chumba cha walimu, nilimpongeza, nikamtania kwamba sasa tutamwita Mzee Picha. Alitabasamu, akakoroga chai yake muda mrefu.

"Unajua, mwanangu," akasema, wala hakuwa analaumu, "leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za mke wangu."

Mwaka mzima nilikuwa nikinywa chai naye kwenye meza yetu ile ile ya walimu.