Takataka ya Jirani

Watu wakimsifia mama yangu husema alinipenda kupita kiasi. Nami huitikia, maana ni kweli, hasa hayo maneno mawili ya mwisho.

Kabla yangu alizika watoto watatu. Kwa hiyo nilipozaliwa mimi, Kinondoni, wakati wa Mwingereza, ikafanywa kama ilivyokuwa ikifanywa kwa wanawake waliofiwa vile. Nililazwa kwenye ungo, nikaachwa jalalani nyuma ya nyumba, juu ya majivu na maganda ya mihogo. Jirani yetu, mjane aliyeuza vitumbua, akapita kama mtu mwenye safari zake, akaniokota, akatangaza mtaa mzima usikie kwamba ameokota takataka. Mama akaenda kwake kuomba ruhusa ya kuninyonyesha. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa mama yangu kisimkute, kikute takataka ya jirani tu.

Kifo kikadanganyika. Mama hakudanganyika hata kidogo. Alinilea kama mtu anayeficha mali ya wizi: nisiende kisimani, nisisogelee moto, nisipigwe na jua. Nilivaa hirizi mbili shingoni na moja kiunoni. Wenzangu wakicheza rede, mimi niliwachungulia kwenye tundu za ua wa makuti. Waliniita Yai.

Ila jirani alikuwa na haki yake, na haki ile mama aliiogopa. Karibu kila asubuhi alisimama mlangoni kwetu akidai takataka yake. Kumkatalia kungekuwa kukiri kwamba mtoto ni wa mama, na nani ajuaye kifo kinasikiliza wapi? Basi mama alinitoa.

Kwa jirani nilitwanga mchele kwa mchi mdogo, nikapasua makumbi, nikapuliza moto mpaka machozi yakanitoka. Alinituma kisimani peke yangu. Nikavunja mtungi, akanituma tena, safari hii na kopo. Nikianguka hakunikimbilia, alingoja nisimame ndipo aulize kama nimeumia. Siku ya kwanza nilipogeuza kitumbua bila kukirarua, alikichukua akakila. Sijapata kusifiwa vizuri zaidi tangu siku ile.

Nilipokuwa na miaka kama minane mafuta yaliniunguza kiganja. Jirani alinipaka ute wa yai, akaniambia nimalizie unga uliobaki. Nikamalizia. Nikarudi nyumbani nimeuinua mkono kwa fahari, nikidhani mama naye atafurahi. Alipouona alijitupa chini akalia kama aliyeletewa maiti.

Mtoto aliyeokotwa aliweza kukombolewa, akishakua kidogo, kwa zawadi. Baba, kuli wa bandarini aliyetaka kupumzika tu arudipo kazini, hakubisha. Wakampelekea jirani kuku na doti ya kanga. Alivitazama, akanitazama mimi.

"Nyie hamumkomboi huyu," akamwambia mama. "Mnamrudisha jalalani."

Kuanzia siku ile mlango wetu ulifungwa. Nilikulia ndani, kimya, na watu wakasifu adabu yangu. Adabu gani? Nilikuwa naogopa kila kitu.

Niliolewa na seremala wa Temeke, mtu mpole. Akirudi jioni alikuta mafiga yamepoa na mimi nimekaa, nangoja sijui nani aje aniwashie moto. Mwanzoni alicheka. Akawa anapika mwenyewe. Kisha akashikwa na homa, akaniomba nimnunulie ndimu gengeni. Nilijifunga kanga, nikafika kizingitini, miguu ikakataa. Nilisimama pale mpaka akainuka na homa yake, akanipita mlangoni, akaenda mwenyewe.

Alipopona alinirudisha kwetu. Hata kunigombeza hakunigombeza. "Mama, mimi namtaka mke wangu," alimwambia mama. "Mfundisheni tu. Siku nikisikia anatoka mwenyewe na kuwasha moto, nakuja kumchukua."

Mama aliinamisha uso, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, lakini niliona. Alikuwa anafurahi. Mchana ule alipika wali wa nazi. Nilipoingia chumbani nilikuta kitanda changu kimetandikwa shuka zilezile. Hakuwa amekitandua tangu niolewe. Hapo ndipo nilipomchukia, na nasema wazi, maana yeye keshalala kaburini na mimi nimezeeka.

Nilimtaka mume wangu. Hilo pia nalisema wazi.

Kesho yake asubuhi jirani alikuja, mgongo umepinda, ungo mkononi. Hakuingia ndani.

"Nasikia takataka yangu imerudi," akasema. "Mie naitaka. Mchele ushalowa."

Mama akamjibu kwamba walishanikomboa zamani. Jirani alinitazama mimi, juu ya bega la mama, akangoja, kama alivyokuwa akingoja nilipoanguka. Mlango ulikuwa wazi, na moshi wa jiko lake nilikuwa nausikia harufu yake. Nikainuka.

"Jua kali, mwanangu," mama akasema.

Jua lilikuwa hata halijavuka minazi. Nikakaa. Talaka ililetwa kabla ya Ramadhani, na mama aliipokea kwa mikono miwili.