Mstari wa Chini Yake

Kila nikipita na mwanangu mgongoni kwenye mashine ya kukamua alizeti, ile harufu ya mashudu ya moto hunipandisha hasira. Nilikuwa mdogo, tunapiga alizeti kwa fimbo uani, shangazi aliponinyooshea kidole, akamwambia mama mbele ya wanawake wote, "Wifi, huyo kitinda mimba wako pua hiyo kaitoa wapi? Kwetu haipo."

Mama akatupa fimbo, akanishika mkono, tukaenda kwa mzee wa kanisa. Mzee akafungua Mithali, akamsomea kwamba mpumbavu usimjibu, usije ukafanana naye. Mama hakujua kusoma. Akalishika neno hilo, akanyamaza msimu mzima. Kwenye kikao cha ukoo shangazi akasema, "Mnaona? Angekuwa msafi angejibu." Baba, mwanaume mzima, akakubali. Tukarudishwa kwa bibi mzaa mama, kijijini Kinyangiri, na magodoro yetu.

Huko ndiko nilikojifunza kusoma. Siku moja nikaitafuta ile Mithali, nikamsomea mama akiwa anapepeta uwele. Mstari wa chini yake, palepale, unasema mpumbavu mjibu, asije akajiona ana hekima.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Siku ile mzee alivaa miwani?"

"Alivaa, mama."

"Basi aliuona," akasema, akaendelea kupepeta.